Mwongozo kamili wa siku moja ya kupumzika ufukweni na familia, bila mtu hata mmoja kugeuka mtumishi wa wenzake

Siku ya mapumziko kisiwani inaharibiwa na kitu kimoja kuliko hata mvua, nacho ni mtu mmoja kwenye familia kufanya kazi kutwa nzima. Yeye ndo anabeba begi, anawapaka watoto mafuta, anahesabu vichwa majini, anakung'uta mchanga kwenye mataulo, alafu jioni wote wanasema leo tumepumzika kweli, kasoro yeye. Mara nyingi ni mama, saa zingine ni bibi au dada mkubwa. Huyo ndo nimemfikiria wakati naandika hapa, kwahiyo hatua zote zinaelekea huko huko, siku iwe nyepesi kwa kila aliyekuja na watoto warudi salama. Nazungumzia ile siku ambayo hamna boti ya kuwahi wala sehemu ya kutembelea, mmeamua leo ni bahari na kivuli, basi.

Hatua ya 1: Usiku wa kuamkia, angalia ratiba ya maji

Kisiwani saa ya mkononi haikusaidii sana, maji ndo yanapanga siku. Sehemu nyingi za tropiki, yaani nchi za joto karibu na ikweta, bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, kati ya kujaa na kupwa panapita kama masaa 6 na dakika kidogo, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kuna visiwa ambavyo maji yanapanda nusu mita tu hata hushtuki, na vingine yanapanda mita 3 mpaka 4, yaani asubuhi unaogelea mbele ya mlango na mchana bahari iko mbali huko, unaona mchanga na majani mtupu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndo kwanza umeandama ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakauka sana, na mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo.

Ratiba unaipata kwenye simu, ila bado muulize mvuvi au mhudumu wa pale mnapolala, maana wao wanajua na vitu ambavyo simu haisemi, kama ni upande gani una mkondo na wapi pana mawe makali. Ukishajua, panga hivi: maji yakiwa yamekupwa ni muda wa watoto wadogo kuchezea vidimbwi na kutafuta kaa, maji yakiwa yamejaa ni muda wa wanaojua kuogelea, hasa kama mbele kuna matumbawe, manake maji yakiwa machache utajikwaruza tumbo na miguu na utayaua hayo matumbawe pia.

Jambo moja la kuliangalia sana. Maji yakikauka watu wanapenda kutembea mpaka kwenye fungu la mchanga huko mbali, na maji yanaporudi huwa yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, unakuja kugeuka unakuta njia uliyopita kwa miguu sasa hivi iko kifuani. Anza kurudi kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa.

Hatua ya 2: Kila mtu na begi lake

Begi moja kubwa la familia ndo linamzalisha yule mtumishi, kwasababu kila kitu kiko kwake na kila mtu anamuuliza yeye. Hata mtoto wa miaka minne anaweza kubeba taulo lake, kofia na chupa yake ya maji. Vya pamoja gawaneni wakubwa: mmoja mkeka na mwavuli, mwingine boksi la barafu, mwingine kimfuko cha huduma ya kwanza.

Kwenye hicho kimfuko weka plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, kibanio kidogo cha kutolea miba, paracetamol, chupa ndogo ya siki nyeupe (nitaeleza ya nini), na pakiti za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa aliyeishiwa maji mwilini. Kama hamna ORS, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote bapa sio vya kujaza, koroga mpaka viyeyuke.

Nguo za kuogelea za watoto chagua zenye rangi kali kama chungwa, nyekundu au kijani cha kung'aa. Bluu, nyeupe na kijivu zinapotea kabisa ndani ya maji, mtoto akizama hata nusu mita humwoni. Na viatu vya maji kwa kila mtu, hii usiibanie, asilimia kubwa ya machozi ya ufukweni yanaanzia kwenye nyayo.

Hatua ya 3: Gawaneni zamu kabla hamjatoka

Hapa ndo pana siri ya siku nzima kwahiyo nitakaa kidogo. Wakiwepo wakubwa wanne na watoto watatu watu wanadhani watoto wanaangaliwa na watu wanne, ukweli ni kwamba kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia na mwisho hakuna anayeangalia. Ndo maana watoto wanazama pale pale kwenye watu wengi.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja yuko zamu kwa nusu saa, au dakika 20 kama watoto ni watundu. Akiwa zamu hashiki simu, hasomi, hapigi stori akiwa amewapa mgongo, hanywi pombe, macho majini tu. Avae kitu kinachoonekana, kofia fulani au filimbi shingoni, na zamu ikiisha anamkabidhi anayefuata mkononi huku anamwambia kwa sauti "sasa ni wewe", mwingine ajibu "nimepokea". Mpaka ajibu, zamu bado ni yako. Itaonekana kama mambo mengi, ila jaribuni uone inavyowapumzisha hao wengine, maana sasa wana ruhusa kamili ya kulala, kusoma au kutembea wawili wawili bila kugeuka geuka nyuma. Mtu hapumziki akiwa nusu anaangalia nusu anapumzika, anachoka tu polepole.

Kwa watoto wasiojua kuogelea kukaa nchi kavu na kuangalia haitoshi, mkubwa awe ndani ya maji na mtoto awe umbali wa mkono wake, hata kama maji ni ya magotini. Vile vibofu vya mikononi na maboya ya plastiki yenye shingo ya bata ni vya kuchezea tu, havizuii kuzama, na upepo ukiwa unatoka nchi kavu kwenda baharini vinampeleka mtoto mbali ndani ya dakika chache. Jaketi la kuokolea linalomtosha kifuani ndo lenyewe.

Na kama mna kijana wa miaka 12 au 14, msimpe zamu peke yake hata kama anajua kuogelea kama samaki. Naye yuko likizo, na sio mzigo wake.

Hatua ya 4: Tokeni mapema

Kuanzia kuchomoza jua mpaka kama saa 4 asubuhi ndo masaa mazuri kuliko yote, mchanga bado umepoa, bahari mara nyingi imetulia, upepo haujaanza. Watoto kwenye likizo wanaamka alfajiri hata usipotaka, sasa badala ya kuwabembeleza walale tena wapeni kitu chepesi tumboni muende.

Kabla ya kutoka mlangoni pakaneni sanskrini, yaani mafuta ya kukinga jua, mkiwa mmekauka, kama dakika 20 kabla ya jua. Chukua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au 50, tofauti ni ndogo, 30 inazuia kama asilimia 97 na 50 kama asilimia 98, kinachowaangusha watu ni kupaka kidogo. Mkubwa mmoja anahitaji kama mililita 30 mwili mzima, sawa na vijiko vidogo 6. Msisahau juu ya masikio, nyuma ya magoti, mgongo wa miguu, na njia ya nywele kwa waliosuka. Rudia kila masaa 2 na kila mtu akitoka majini akajifuta. Ngozi nyeusi nayo inaungua, inachelewa tu kuonyesha, kwahiyo usimruke mtoto kwasababu ya rangi yake.

Ila kinga ya kwanza ni nguo. Fulana ya mikono mirefu ya kuogelea na kofia pana vinapunguza kazi ya kupaka kwa nusu, na mtoto hakukimbii. Wachanga wa chini ya miezi 6 wao ni kivuli na nguo nyepesi, wasiwekwe juani kabisa, na kiu yao ni ya kunyonya mara kwa mara, sio maji ya chupa.

Angalieni pia sanskrini imetengenezwa na nini. Hawaii imezuia kuuza zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati tangu Januari 2021, na Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, ilitangulia mwaka 2020 kwa orodha ndefu zaidi, sababu ni kulinda matumbawe. Zenye zinki oksaidi zinakubalika karibu kila sehemu.

Hatua ya 5: Chagua pa kutandika

Kama kuna waokoaji, kaeni mbele yao. Bendera ya nusu nyekundu nusu njano ina maana eneo hilo linalindwa, ogeleeni katikati ya bendera hizo mbili. Nyekundu tupu ni hatari kubwa, nyekundu mbili ni marufuku kuingia, zambarau kuna viumbe wa baharini wanaouma.

Kivuli cha mnazi kinavutia ila tazama juu kwanza, kama una nazi au makuti makavu yananing'inia sogea, nazi ikidondoka kutoka juu kule haina utani. Kwenye visiwa vya Karibiani kuna mti unaitwa manchineel, una vitunda vya kijani kama tofaa dogo, utomvu wake unababua ngozi, hata kujikinga mvua chini yake haifai. Hoteli nyingi wanaupiga alama, wafundishe watoto wasiguse tunda lolote waliloliokota.

Alafu simama dakika tano bila kuvua nguo utazame maji. Mahali ambapo mawimbi yanavunjika kulia na kushoto lakini katikati pametulia, maji meusi kidogo, povu na mchanga vinaelekea nje, hapo sio pazuri kama panavyoonekana, hapo ndo mkondo unatokea kurudi baharini. Unaweza kufika mita 2.5 kwa sekunde, hakuna muogeleaji anayeushinda. Ukikuchukua usipambane nao kurudi ulipotoka, elea, inua mkono, piga kelele, na kama una nguvu ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo ndo urudi. Mwambieni kila mtoto anayeweza kuelewa, tena mfanye kama mchezo mkiwa bado nchi kavu.

Hatua ya 6: Majini

Acheni watoto waongoze. Mmoja atataka kuruka mawimbi, mwingine atakaa saa nzima anajaza ndoo na kumwaga, wote wanaogelea kwa namna yao. Kutembea kwenye mchanga chini ya maji buruta miguu badala ya kukanyaga, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akiwa amejifukia atasikia na kuondoka.

Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, hili watu wengi hawalijui. Anakuwa wima, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka kwenye maji, kimya kabisa, kama anapanda ngazi isiyokuwepo. Mtoto aliyekuwa anapiga makelele akinyamaza ghafla, mwangalie hapo hapo. Mkimtoa na hapumui, mtu mmoja aite msaada na mwingine aanze na kumpulizia pumzi, kisha kukandamiza kifua mara 30, pumzi 2, tena na tena bila kuacha, kwa kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika.

Yavuyavu, yule kiumbe laini kama jeli, akimuuma mtu, usisugue kwa mchanga, usimwagie maji baridi ya bomba, na ile habari ya mkojo achana nayo. Osha kwa maji ya bahari. Kwenye Bahari ya Hindi na Pasifiki ambako kuna yavuyavu wa umbo la boksi, mwagia siki kwa sekunde 30 ndo utoe vijimkia kwa kibanio. Akianza kupumua kwa shida au maumivu yanapanda, hospitali mara moja. Akichomwa na taa au samaki-jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, nyuzi 40 mpaka 45, kwa dakika 30 hadi 90, mkubwa ayapime kwanza kwa mkono wake maana aliyeumia hasikii vizuri, na mpelekeni hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mkisikia radi, wote nje, na msirudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na bahari ikirudi nyuma ghafla bila kufuata ratiba, au ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, acheni kila kitu mkimbilie juu. Tarehe 26 Desemba 2004 mtoto wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona maji yanavyotoa povu ufukweni Phuket akakumbuka somo la jiografia, akawaambia wazazi wake, na watu wa ufukwe ule wakaondoshwa kabla ya tsunami kufika. Kwahiyo mtoto akikwambia kuna kitu sio sawa baharini, msikilize.

Hatua ya 7: Saa 4 mpaka saa 10, kivulini

Huu ni muda wa kupumzika hasa na ndo familia nyingi zinauharibu kwa kulazimisha kubaki juani kwasababu "tumekuja mbali". Tazama kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe jua ni kali mno. Mawingu mepesi yanapitisha mpaka asilimia 80 ya miale, mchanga unarudisha kama asilimia 15 yake juu, na nusu mita ndani ya maji bado unapata asilimia 40. Kwahiyo ondokeni kabisa, rudini ndani au kwenye kivuli kizito.

Chakula cha mchana kisiwe kazi. Vitu vya kushika kwa mkono visivyoharibika na joto, matunda yenye maji mengi, na maji ya kunywa, maji, maji. Usisubiri mtoto aseme ana kiu, mpe kidogo kidogo kila baada ya dakika 20, na ukiona mkojo wake umekuwa wa njano nzito ongeza. Mtu akianza kuumwa kichwa, kichefuchefu, miguu kukaza, mlaze penye upepo, mloweshe, mpepee, mpe ORS. Akichanganyikiwa maneno au mwili ukawa wa moto sana, hiyo ni dharura, endelea kumpoza huku mnaita gari.

Baada ya kula laleni. Wote, na wakubwa pia. Asiyetaka kulala akae kimya na kitabu, karata au rangi za kuchorea, sheria ni moja tu, hakuna kumwita mtu aliyelala. Simu ziwekwe kwenye mfuko mmoja mkaubane. Picha mlishapiga asubuhi, mwanga wenyewe ulikuwa mzuri kuliko huu wa mchana. Mimi naamini haya masaa mawili matatu ya uvivu ndo watoto wanayokumbuka wakishakuwa watu wazima, baba amelala mdomo wazi, bibi anawahadithia, feni inazunguka, hakuna anayemfokea mwenzake awahi kitu.

Na msiongeze kitu. Kishawishi kitakuja, tukachungulie upande wa pili, tukaulize boti ni shilingi ngapi. Subirini kesho.

Hatua ya 8: Alasiri, mara ya pili

Saa 10 jua limelegea, pakaneni tena, zamu zianze upya na aliyekuwa na zamu nyingi asubuhi sasa apumzike mpaka jioni. Muda huu ni wa mchanga kuliko maji: kujenga, kuchimba, kufukia miguu ya babu. Kuchimba kuna mpaka wake, shimo lisizidi magoti ya mtoto mdogo kuliko wote, na hakuna handaki wala kujifukia zaidi ya kiunoni, mchanga ukiporomoka unabana kifua ndani ya sekunde na kuufukua kwa mikono ni kazi ngumu sana. Mkimaliza fukieni, kasa wanaopanda usiku kutaga wanatumbukia humo.

Kombe tupu tazameni mziache, nyingine kaa anakuja kuhamia humo, na kwenye visiwa vingi kutoka nazo uwanja wa ndege ni kosa.

Tropiki jua likishazama giza halichelewi, kama dakika 20 tu na zaidi kidogo. Kusanyeni vitu kabla halijazama, kila mtu na begi lake kama asubuhi, mtu mmoja apite na mfuko kuokota plastiki, alafu kaeni mtazame jua mkiwa hamna tena cha kufanya.

Hatua ya 9: Mkirudi

Oga kwa maji yasiyo na chumvi, watoto kwanza, anayewaogesha asiwe aliyewapikia. Masikio: inamisha kichwa upande huu na huu, futa kwa taulo nje tu, usiingize pamba. Mchanga ukigoma kutoka kwenye ngozi ya mtoto nyunyiza poda kavu, subiri kidogo, pangusa.

Kagueni nyayo na migongo chini ya taa. Palipoungua paka jeli ya mshubiri au weka kitambaa cha maji ya kawaida, mpe maji mengi, asirudi juani mpaka apone. Malengelenge yasipasuliwe, na yakiwa mengi kwa mtoto mdogo au akapata homa, muone daktari.

Magharibi ndo muda wa mbu na usubi. Mvalishe suruali na mikono mirefu, paka dawa ya mbu kwenye ngozi iliyo wazi tu, sio viganjani wala karibu na macho, na yenye mafuta ya mkalitusi-limau usimpake mtoto wa chini ya miaka 3. Mchana kama mtapaka vyote viwili, sanskrini inatangulia, ikikauka ndo dawa ya mbu juu yake. Kisha chandarua chini ya godoro, pande zote nne.